Kupiga Windows upya kwenye kompyuta kuukuu ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kompyuta nyingi ninazoletewa si za ofisini. Ni laptopu ya kijana aliyemaliza chuo ikabaki kwa mama yake, au kompyuta ya mezani iliyonunuliwa mtumba, ikafanya kazi stationari miaka sita, na sasa iko sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mwenyewe hufika na neno moja tu: "Fundi, naomba unipigie windo." Maswali yafuatayo ndiyo ninayoyajibu kila wiki. Yale ya mwanzo yasome kabla hujagusa chochote, maana hasara kubwa hutokea kabla hata flashi haijachomekwa.

Kompyuta imekuwa nzito, inaganda kila saa. Nikiipiga Windows upya itapona?

Inategemea ugonjwa ni upi. Kama Windows imeharibiwa na virusi, na programu zilizorundikana miaka mingi, au na apdeti iliyokatikia njiani, kuipiga upya ni dawa kweli na utaiona tofauti siku hiyohiyo. Lakini mara nyingi nafungua kompyuta nakuta Windows haina kosa lolote. Diski imechoka, au RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni ndogo, au feni imeziba kwa vumbi mpaka prosesa inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue.

Anza na joto, kwa sababu kulipima hakuhitaji kifaa. Washa kompyuta, iache dakika kumi, kisha weka kiganja pale hewa inapotokea. Feni ikiwa inalia kwa nguvu lakini hewa haitoki, ifunguliwe isafishwe kwanza. Nimewahi kutoa kwenye laptopu moja utando wa vumbi mnene kama kipande cha godoro, na baada ya hapo hakuna aliyezungumzia tena habari ya Windows.

Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litafunguka likionyesha prosesa, RAM na diski zinatumika asilimia ngapi. Ukikuta diski iko 100 muda wote ilhali hujafungua kitu, na kompyuta yako bado ina ile diski ya kizamani inayozunguka, hapo ndipo penye tatizo. Kuweka SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, kunabadilisha kompyuta ya mwaka 2012 kuliko kitu kingine chochote unachoweza kuifanyia. Ukinilazimisha nichague kati ya kupiga Windows upya kwenye diski ileile na kuweka SSD, nachagua SSD kila mara. Na kwa kuwa SSD huja tupu, kazi zote mbili zinafanyika siku moja, huku diski ya zamani ikikaa pembeni na mafaili yako yote ndani yake, haijaguswa. Hiyo ndiyo njia salama kuliko zote.

Diski inatoa mlio wa tik, tik, tik. Ni kawaida?

Hapana. Zima kompyuta sasa hivi.

Ndani ya diski ya kizamani kuna sahani zinazozunguka, na juu yake kichwa cha kusomea kinachoelea karibu mno bila kuzigusa. Mlio ule wa kujirudia maana yake kichwa kinatafuta mahali pake, hakipati, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Kila dakika unayoiacha ikiwaka inaweza kuondoka na picha za harusi. Usiifomati, usiipige Windows, usiiendeshee programu ya "kurekebisha". Toa kwanza kilicho cha thamani, kisha diski hiyo istaafu.

Kwa diski isiyolia, ipo programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Kila diski hujiwekea kumbukumbu ya afya yake, na programu hii huisoma. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu, usiweke mfumo mpya juu ya diski hiyo. Utarudi kwa fundi baada ya miezi michache, na safari hiyo hutakuwa na cha kuokoa.

Je, mafaili yangu yatapotea?

Ndiyo, usipoyatoa. Na kuyatoa si kazi ya dakika mbili.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpigia Windows mzee mmoja, mwalimu wa kwaya. Nilijiona mwangalifu: nilinakili vilivyokuwa kwenye uso wa kompyuta, folda ya nyaraka, ya picha, na ya vitu vilivyopakuliwa. Nikafomati, nikamrudishia. Jioni akapiga simu: "Mwanangu, zile nyimbo umeziweka wapi?" Rekodi za kwaya yake alikuwa ameziweka kwenye folda aliyoitengeneza mwenyewe moja kwa moja ndani ya C, nje ya zile folda za kawaida. Sikuitazama. Nilikaa siku mbili na programu ya kuokoa mafaili. Baadhi zilirudi, nyingine zikarudi bila majina, nyingine zimekatika katikati ya ubeti. Alinishukuru kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenigombeza.

Tangu siku hiyo siulizi "mafaili yako yako wapi?" Nauliza "kompyuta hii unaifanyia nini?" Mwenye duka atasema hesabu, nami nitajua kuna programu ya hesabu ambayo huenda data zake zimekaa ndani ya folda ya programu yenyewe. Mwanafunzi atasema tasnifu. Mwingine atasema "hapa kuna picha za marehemu mama," na hapo naweka kalamu chini tunatafuta pamoja.

Tazama kwenye folda ya jina lako ndani ya Users, na kama kompyuta ilitumiwa na watu wengi, tazama jina la kila mmoja. Tazama C yenyewe. Tazama kapu la taka, kwa sababu wapo wanaolitumia kama kabati. Usisahau maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, alama za tovuti, na kama unatumia Outlook, barua zako zinaweza kuwa kwenye faili moja kubwa lenye herufi PST mwishoni. Andika pia orodha ya programu ulizonazo, kwa sababu programu hazinakiliwi. Zitawekwa upya moja baada ya nyingine.

Ukishanakili, chomeka diski ya nje au flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili matano au sita, yakiwemo makubwa. Kuona majina yake kwenye orodha hakutoshi. Na kama ni vitu usivyoweza kuvipata tena, weka nakala mbili mahali pawili.

Windows haiwaki kabisa. Nitayatoaje mafaili?

Kwa mfumo unaowakia kwenye flashi. Chukua kompyuta ya jirani, tengeneza flashi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kukaa badala ya Windows, ichomeke kwenye kompyuta mgonjwa na uiwashe kupitia flashi hiyo. Itafunguka kama kompyuta ya kawaida, ikiwa na kipanya na folda, bila kugusa Windows yako. Utaiona diski yako pembeni, unaifungua, unanakili kwenda diski ya nje. Hakuna fundi wa kompyuta za nyumbani anayepaswa kukosa flashi hii mfukoni.

Kuna jambo linalowasumbua wengi hapo: Linux inaweza kuifungua diski kwa kusoma tu, au ikakataa, kwa sababu Windows "ilisinzia" badala ya kuzimwa kabisa. Kwa kunakili, kusoma tu kunatosha. Usiilazimishe kuandika.

Kompyuta ina C na D. Nikifomati C, D iko salama?

Kwa kanuni, ndiyo. C na D kwa kawaida ni vyumba viwili vya diski moja, na kufomati chumba kimoja hakugusi kingine. Lakini nimeona D nyingi zikifutwa, kwa sababu kwenye ukurasa wa kusakinisha vyumba havionyeshwi kwa herufi hizo. Vinaonyeshwa kwa namba na ukubwa, na mtu mwenye haraka hufuta kisicho chake. Kabla ya kuanza, andika kwenye karatasi ukubwa wa C na wa D. Na diski ikifa, C na D hufa pamoja. D si bakapu.

Inaniomba namba ndefu ya BitLocker. Ni kitu gani?

Diski yako imefungwa kwa fumbo. Kwenye laptopu nyingi za miaka ya karibuni jambo hili hujiwasha lenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft, na mwenyewe hana habari. Ufunguo wa kuokolea una tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti hiyohiyo, kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya akaunti ya Microsoft kwa simu uutafute. Bila ufunguo, mafaili hayatoki, na fundi anayekuahidi kuyatoa anakula hela yako. Kama unataka tu kuanza upya bila mafaili, unaweza kufomati.

Niweke Windows ipi?

Swali hili nalijibu tofauti na nilivyolijibu miaka mitano iliyopita.

Windows 7 iliacha kupata ulinzi tarehe 14 Januari 2020. Najua wengi wanaipenda, najua ni nyepesi. Lakini vivinjari vipya vimeiacha na tovuti moja baada ya nyingine zinakataa kufunguka. Ibaki kwenye kompyuta isiyoingia mtandaoni kabisa, kwa mfano ile inayoendesha mashine ya zamani ya kuchapa. Kwa benki na barua pepe, hapana.

Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu binafsi Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026, kwa wenye toleo la 22H2 wanaojisajili. Kwa hiyo ukiiweka leo, iweke ukijua unanunua muda mfupi.

Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, kompyuta yenye UEFI (mtindo mpya wa kuwasha kompyuta), kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha yao. Kwa Intel, kwa ujumla ni kuanzia kizazi cha nane, yaani kompyuta za takribani mwaka 2018 na kuendelea. Kompyuta nyingi za mtumba tulizonazo ni za kizazi cha pili hadi cha sita. Zipo njia za kukwepa masharti, na programu kama Rufus, ya kuandikia mfumo kwenye flashi, hukurahisishia, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba kompyuta hiyo itaendelea kupata apdeti. Na kuna mpaka usiokwepeka: tangu toleo la 24H2, prosesa za zamani kama Core 2 Duo hazina amri ambazo mfumo unazihitaji, kwa hiyo hauwaki hata ufanyeje.

Kwa kompyuta iliyoachwa nje ya orodha hiyo, ushauri wangu wa dhati ni Linux Mint. Nimeiwekea familia kadhaa, na walioogopa zaidi ni vijana, si wazee. Ukiwa na kivinjari, programu ya kuandikia barua, kicheza video na printa iliyokubali, mama wa nyumbani hana anachokosa. Mint 22 itaendelea kupata masasisho hadi Aprili 2029, ni bure, na haina habari ya namba za leseni. Kwa mashine dhaifu chagua toleo la Xfce. Usipime kwa maneno yangu: iwashe kwanza kwa flashi bila kuisakinisha, ujue kama sauti, WiFi na kamera vinafanya kazi.

Mahali ambapo Mint haifai ni pale unapotegemea programu ya Windows isiyo na mbadala: programu fulani ya hesabu, ya ramani, au mtihani wa mtandaoni unaodai Windows. Hapo tafuta kompyuta inayostahili Windows 11, usijidanganye.

RAM yangu ni GB 2 tu.

Ongeza kama mama bodi inakubali. Kompyuta za kati ya 2010 na 2015 nyingi hutumia DDR3, na RAM hizo za mtumba hupatikana kwa urahisi. Angalia kitu kimoja: laptopu nyingine zinataka DDR3L, inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5. Zinafanana kwa macho, na ukiweka ya kawaida kwenye laptopu inayotaka ya L tu, haitawaka. Soma maandishi ya RAM iliyomo kabla ya kwenda dukani, au nenda nayo mkononi.

Usipoweza kuongeza, Windows 10 itaingia lakini utaijutia. Mint inasema kiwango cha chini ni GB 2, ila ukifungua kurasa nyingi za mtandao utaona inavyohema. Prosesa ya biti 32 ndiyo yenye uchaguzi mdogo zaidi: Windows 11 haina toleo la biti 32, Ubuntu na Mint ya kawaida hazina, na Debian, Linux nyingine, imeacha kuisakinisha kuanzia toleo la 13 la mwaka 2025. Debian 12 bado inaikubali.

Sina namba ya leseni. Nitafanyaje?

Huenda unayo bila kujua. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 8 au zaidi kwa kawaida imebeba namba yake ndani ya BIOS, ile programu ndogo ya mama bodi inayoiwasha kompyuta, na Windows ya daraja lilelile huisoma yenyewe wakati wa kusakinisha. Kompyuta yoyote ambayo Windows 10 iliwahi kuthibitishwa juu yake nayo inakumbukwa na seva za Microsoft. Ukiulizwa namba, chagua kwamba huna, endelea, uiunganishe na intaneti baadaye. Kosa la kawaida ni kuweka daraja la Pro wakati leseni ni ya Home. Haitathibitika hata usubiri mwaka.

Ile stika ya Windows 7 chini ya laptopu ilikuwa ikikubalika kwenye Windows 10, lakini Microsoft ilifunga mlango huo Septemba 2023.

Fundi anasema ataiweka kraki. Kuna ubaya?

Upo, na naomba unisikilize hapa. Kraki ni programu ya kuihadaa Windows ijione ina leseni. Programu ya kraki inakutaka kwanza uzime ulinzi wa virusi, kisha uiruhusu kufanya chochote ndani ya kompyuta. Hujui nani kaitengeneza wala kaongeza nini ndani yake. Nimeletewa kompyuta za wafanyabiashara wadogo ambazo mafaili yote yamegeuzwa fumbo na ujumbe wa kudai fedha umeachwa kwenye kioo. Nikiuliza ilivyoanza, jibu mara nyingi ni kraki ya kitu fulani. Windows isiyothibitishwa huendelea kufanya kazi, ikiwa na maandishi hafifu pembeni ya kioo na ikikunyima kubadili rangi na picha ya nyuma. Maandishi hayo yana nafuu kubwa kuliko kraki. Nafuu zaidi ni Mint.

Flashi ya kusakinishia naitengenezaje, na itakula bando kiasi gani?

Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, tupu, kwa sababu kila kilichomo kitafutwa. Kwa Windows, nenda kwenye tovuti ya Microsoft upakue chombo chao cha kutengenezea flashi. Kwa Mint, pakua faili la ISO kutoka tovuti yao kisha uliandike kwenye flashi kwa Rufus. Kulinakili kama wimbo hakutoshi, na ndiyo sababu flashi nyingi "zinagoma".

Tenga GB 5 hadi 7 kwa Windows, GB 3 hivi kwa Mint. Kama una kifurushi cha usiku, hii ndiyo kazi yake. Mtandao ukikatikakatika, faili linaweza kufika lina kasoro. Rufus inaweza kukokotoa alama ya SHA-256 ya faili, na tovuti ya Mint imeandika alama sahihi. Zikitofautiana hata herufi moja, pakua upya.

Rufus itakuuliza GPT au MBR, yaani njia mbili za kugawa diski. Kama Windows bado inawaka, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, usome mstari unaotaja aina ya BIOS. Ikiwa ni UEFI, chagua GPT. Ikiwa ni ya kizamani, chagua MBR. Dakika hiyo moja itakuokoa na lile tangazo la kwamba diski haikubali kusakinishiwa.

Nimechomeka flashi lakini kompyuta inaendelea kuwaka na Windows ya zamani.

Inabidi uiambie iwakie wapi. Mara tu unapowasha, gongagonga kitufe cha menyu ya kuwashia: Dell ni F12, HP ni Esc kisha F9, Lenovo nyingi F12, Toshiba F12, Asus Esc kwa laptopu na F8 kwa za mezani. Acer ni F12 pia, lakini mara nyingi imezimwa hadi uingie BIOS kwa F2 uiwashe. Ukichelewa, usiizime kwa nguvu wakati Windows inaamka. Iache iwake, kisha uiwashe upya.

Flashi isipoonekana, jaribu tundu lingine. Kwenye kompyuta za zamani matundu ya buluu, yaani ya USB 3, wakati mwingine hayafanyi kazi wakati wa kuwasha. Nenda kwenye jeusi.

Kwenye ukurasa wa vyumba vya diski nifute kipi?

Kama diski ni moja na mafaili yote umeshayatoa na kuyajaribu, futa vyumba vyote mpaka ubaki na nafasi moja tupu, kisha endelea. Mfumo utajigawia wenyewe. Kama D ina vitu, tumia ile karatasi yenye ukubwa ulioandika, futa chumba cha C na vile vidogo vya mfumo tu. Ukiwa na shaka hata kidogo, chomoa flashi na uzime. Kabla ya kubofya kufuta, hakuna kilichopotea.

Na kama kuna diski ya nje imechomekwa, ichomoe kabla ya kuanza. Diski yenye bakapu haipaswi kuwa kwenye ukurasa huo.

Aliyesakinisha bila kufomati asikate tamaa: Windows huhamishia mfumo wa zamani kwenye folda ya Windows.old, na mafaili ya Users yako ndani. Folda hiyo hujifuta yenyewe baada ya siku kama kumi, kwa hiyo fanya haraka.

Umeme ukikatika katikati?

Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au laptopu yenye betri iliyokufa, usakinishaji utakatika na utaanza mwanzo. Diski haiharibiki kwa hilo, na flashi inabaki nzima. Usichopaswa kufanya bila umeme wa uhakika ni kusasisha BIOS: hiyo ikikatika katikati, mama bodi inaweza isiwake tena.

Inachukua muda gani?

Kwenye SSD, dakika 15 hadi 30. Kwenye diski ya kizamani, saa moja au zaidi. Apdeti na programu baada ya hapo ndizo zinazokula siku.

Nimemaliza, lakini WiFi haipo.

Draiva yake, yaani programu inayoendesha kifaa hicho, haimo kwenye mfumo mpya, na bila intaneti huwezi kuipata. Chukua simu yako ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, kwenye mipangilio ya hotspoti washa kushiriki intaneti kwa USB. Kompyuta itaiona simu kama waya wa mtandao. Ruhusu apdeti itafute draiva, nyingi zitaingia zenyewe. Kwenye Mint fungua kidhibiti cha draiva, hasa kama kadi ni ya Broadcom. Usipakue programu za kutafuta draiva kutoka kwenye matangazo. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa na namba ya modeli iliyo chini ya laptopu.

Mara tu simu inapounganishwa, kabla ya kuruhusu apdeti, weka mtandao huo uhesabiwe kuwa wa kulipia kwa kipimo, vinginevyo Windows itavuta gigabaiti kadhaa za apdeti na bando la wiki litaisha kabla ya chakula cha mchana.

Saa inarudi nyuma kila ninapozima, na tovuti zinasema si salama.

Hii si Windows. Ni betri ndogo ya mviringo kwenye mama bodi, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikiisha, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka iliotengenezwa. Tovuti zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na kuisha, kwa hiyo kompyuta inayodhani ni 2009 inaona vyeti vyote bado havijaanza, nayo inavikataa. Dada mmoja alikuwa ameshapigiwa Windows mara tatu kwa tatizo hili. Kila mara alilipa, kila mara lilirudi. Betri yenyewe huuzwa kwa wanaotengeneza saa za mkononi.

Niweke programu gani kwanza?

Kivinjari, kisha LibreOffice ikiwa huna leseni ya Office. Inafungua nyaraka za Word na Excel, ingawa zenye mpangilio mzito zinaweza kusogea kidogo, basi zikague kabla ya kuzituma. Ulinzi wa virusi uliokuja na Windows unatosha nyumbani. Kuweka wa pili juu yake kunaifanya kompyuta nzito upya.

Ukipenda Kiswahili kwenye kioo, kipo kwenye Windows kama lugha ya kuongeza. Na kwa wanaodhani jambo hili ni geni, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisini kwa Kiswahili. Mtoto anayeanza kompyuta akisoma "hifadhi" na "fungua" anaelewa anachofanya badala ya kukariri mahali pa kubofya.

Ni kweli Windows ipigwe upya kila baada ya miezi sita?

Si kweli. Kompyuta iliyopangwa vizuri hukaa miaka. Ikihitaji kila miezi sita, kuna sababu haijatafutwa: diski, joto, kraki, au flashi yenye virusi inayozunguka nyumba nzima.

Nataka kumpa mtu kompyuta ya zamani. Kufomati kunatosha?

Hakutoshi. Fomati ya haraka hufuta orodha ya mafaili tu, mafaili yenyewe yanabaki mpaka yaandikwe juu yake, na programu za bure zinaweza kuyarudisha. Ndiyo hivyo nilivyopata baadhi ya nyimbo za yule mzee. Tumia sehemu ya Windows ya kurejesha kompyuta upya, chagua kuondoa kila kitu, kisha kwenye mipangilio yake washa kusafisha diski. Kwenye diski ya kizamani itachukua saa nyingi, iache usiku. Kama ulikuwa na picha za vitambulisho au taarifa za benki, toa diski ubaki nayo, na mpe mwenzako kompyuta ikiwa na SSD mpya.